Miungu ya Wayunani Ndani ya Begi la Shule

Kila mwaka shule zinapofunguliwa, wazazi wa sharika zetu zinazoabudu kwa Kiswahili huku Marekani hutuletea swali lile lile. Mtoto wa darasa la sita au la saba amerudi nyumbani na riwaya ya Kiingereza aliyopewa shuleni. Mzazi anaifungua, anakuta majina ya Zeus, Poseidon na Hades, anaambiwa kwamba miungu hiyo inazaa watoto na wanadamu, naye anatujia akiwa na wasiwasi: "Walimu, mtoto huyu yuko katika mafundisho ya kipaimara, na shule inampa kitabu cha sanamu. Tufanyeje?"

Swali hilo ni la haki, wala hatulidharau. Mzazi anayetaka kujua mwanawe anasoma nini anatimiza wajibu aliopewa na Mungu mwenyewe. Sisi tunaofundisha vijana wa umri huo tuliona jibu la haraka, la ndiyo au la hapana, halitawafaa. Tuliamua kuisoma riwaya yenyewe pamoja nao, sura kwa sura, katika vipindi vya Jumamosi. Katika makala hii tunaeleza kitabu hicho ni cha namna gani, tuliwaongozaje watoto kukijadili, na wapi kina upungufu ambao Mkristo hapaswi kuunyamazia.

Kitabu na mwandishi wake

Riwaya tunayoizungumzia ni The Lightning Thief, yaani Mwizi wa Radi, iliyotoka mwaka 2005. Mwandishi wake, Rick Riordan, ni mzaliwa wa San Antonio katika jimbo la Texas, naye alikuwa mwalimu wa shule ya kati kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Riwaya ilizaliwa nyumbani kwake. Mwanawe alikuwa na disleksia, ile hali ya herufi kumchanganya mtu asomapo, tena alipata shida ya kutulia darasani. Alichokipenda shuleni ni visasili vya Wayunani, kwa hiyo baba akawa anamsimulia wakati wa kulala. Hadithi za kale zilipokwisha, mtoto akaomba mpya, na baba akamtungia ya kijana anayeitwa Percy Jackson. Vitabu vya mfululizo huo wa kwanza ni vitano, na cha mwisho kilitoka mwaka 2009.

Percy ana miaka 12. Anaishi New York na mama yake, Sally, na baba wa kambo mkali aitwaye Gabe. Amefukuzwa shule moja baada ya nyingine, na anajiona mjinga. Kisha anagundua kwamba baba yake mzazi ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wayunani, na kwamba herufi za Kiingereza zinamchanganya kwa sababu akili yake imeumbwa kusoma Kiyunani cha kale. Mama yake anatoweka mikononi mwa Minotaur, jitu lenye kichwa cha fahali. Percy anapokewa katika kambi ya watoto wa miungu huko Long Island, na huko anasikia kwamba anashukiwa kuiba radi ya Zeus. Anapewa muda wa siku chache kuvuka Marekani nzima pamoja na rafiki zake wawili, Annabeth na Grover, wafike kuzimu, ambako lango lake mwandishi ameliweka Los Angeles, ili radi irudishwe kabla miungu haijapigana. Njiani wanakutana na Medusa anayeuza sanamu za bustani, na wanaingia katika hoteli ya kasino huko Las Vegas ambamo watu hustarehe mpaka wakasahau miaka.

Ni hadithi inayokwenda mbio na yenye kuchekesha. Watoto waliokuwa wakikwepa vitabu waliimaliza kabla yetu.

Je, ni halali kusoma habari za miungu?

Wazazi wengi walitukumbusha amri ya kwanza. Tukakubaliana nao kwamba amri hiyo haina mjadala. Kisha tuliwaomba tufungue pamoja kitabu cha Matendo ya Mitume, tuone jinsi mitume wenyewe walivyokutana na miungu hiyo hiyo.

Katika sura ya 14, watu wa Listra walipoona kiwete ametembea, walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani akaleta ng'ombe wa kuwachinjia dhabihu. Zeu huyo ndiye Zeus wa riwaya, na Herme ndiye Hermes. Mitume walirarua mavazi yao na kukataa kabisa. Katika sura ya 19, mafundi wa Efeso walifanya ghasia kwa ajili ya Artemi. Katika sura ya 28, Paulo aliondoka Malta ndani ya merikebu iliyokuwa na alama ya ndugu mapacha, ambao kwa Wayunani walihesabiwa kuwa wana wa Zeus. Hatusomi kwamba alikataa kupanda.

La kutafakari zaidi liko katika sura ya 17. Paulo akiwa Athene aliwakumbusha Waathene neno la watunzi wao wenyewe, kwamba wanadamu ni wazao wa Mungu. Neno hilo limo katika utenzi wa Arato, mtunzi aliyetoka Kilikia, jimbo la Paulo mwenyewe, na katika utenzi ule asifiwaye ni Zeus. Maana yake Paulo alikuwa anaujua utenzi wa wapagani kiasi cha kuuchota kutoka kichwani mbele ya wasomi, akautenga ukweli uliomo na uongo uliomo, akaugeuza ukweli ule uelekee kwa Mungu aliye hai. Huwezi kufanya hivyo na kitabu usichokisoma.

Danieli na wenzake walifundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa miaka 3, naye akapewa jina lenye jina la mungu wa Babeli ndani yake. Alikataa chakula cha mfalme, lakini hakukataa shule. Karne ya nne, Basili, askofu wa Kaisaria, aliwaandikia vijana waliokuwa wakisoma vitabu vya Wayunani, akawashauri wafanye kama nyuki, ambaye hatui kwenye kila ua, na hata kwenye ua alilotua habebi kila kitu. Kanisa limelijibu swali hili tangu zamani, nalo halikujibu kwa woga.

Mwandishi wa riwaya naye alijua swali litakuja. Mapema katika kitabu, Chiron, mwalimu wa Percy, anamwambia kijana kwamba habari ya Mungu mmoja aliye juu ya yote ni jambo lingine kabisa ambalo hataligusa; yeye anazungumzia miungu midogo ya nguvu za asili tu. Kijana mmoja darasani akauliza: kama Mungu huyo mkubwa yupo, mbona hatokei mama wa Percy anapochukuliwa? Swali lile lilistahili heshima. Tulimwomba asome kitabu cha Esta, ambamo Mungu hatajwi kwa jina hata mara moja, kisha atuambie kama Mungu hayumo. Alirudi wiki iliyofuata na orodha ya mahali anapomwona. Hata hivyo tunasema wazi kwamba riwaya hii si kitabu cha Esta. Esta anamficha Mungu ndani ya matendo yake. Riordan amemweka Mungu pembeni kwa adabu ili hadithi iweze kwenda bila yeye. Ni ungwana, lakini pia ni kukwepa, na mtoto ana haki ya kuliona hilo.

Namna tulivyosoma

Tulianza kwa kueleza neno. Kisasili ni hadithi ya kale ambayo watu wa kabila au taifa fulani waliiamini, na waliitumia kueleza asili ya mambo: kwa nini kuna radi, kwa nini tunakufa, kwa nini bahari inachafuka. Riwaya iliyojengwa juu ya visasili ni kitu kingine. Mwandishi wake haamini kwamba Zeus yupo, wala hataki msomaji aamini. Anavichukua visasili kama seremala anavyochukua mbao za nyumba ya zamani. Mtoto akilijua hilo, nusu ya hofu inaondoka.

Kisha kwa kila sura tuliuliza maswali matatu. La kwanza: kitabu kinasema nini hasa, na ni ukurasa gani? La pili: mwandishi anataka tumpende nani na tumchukie nani, na anatumia njia gani? La tatu: Neno la Mungu linasema nini juu ya jambo hilo hilo?

Tulishika kanuni moja, kwamba swali la tatu halitangulii la kwanza. Watoto waliokulia kanisani wamezoea kukimbilia jibu sahihi. Ukiwauliza chochote, watajibu "Yesu" kabla hawajasikiliza swali. Jibu hilo ni kweli, lakini likitolewa kabla ya kusoma huwa ni njia ya kutosoma. Mtu asiyesikiliza kitabu hatamsikiliza jirani, na asiyemsikiliza jirani atamshuhudiaje?

Jambo la mwisho lilikuwa lugha. Watoto wetu wanasoma kwa Kiingereza, na wazazi wengi wanaomba na kuota kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila mtoto alipewa kazi ya kuisimulia sura nyumbani kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilileta ubishi mzuri. Watoto wa kambi ile, ambao ni nusu miungu na nusu wanadamu, tuwaiteje? Mmoja akasema "machotara." Bibi yake hakulipenda neno hilo, lakini mtoto akamjibu kwamba yeye mwenyewe ndivyo anavyojisikia: shuleni anaitwa Mwafrika, na akizungumza na binamu zake kwa simu wanamwita Mmarekani. Hapo bibi na mjukuu walipata mazungumzo ambayo hakuna mwalimu angeyapanga.

Neno "kambi" nalo lilitusimamisha. Kwa mtoto wa Kimarekani, kambi ni mahali pa kuogelea wakati wa likizo. Kwa wazazi wengi wa sharika zetu, kambi ni Nyarugusu huko Kigoma, au Kakuma huko Kenya. Wazazi waliposikia kwamba Percy anafika kambini usiku, amepoteza mama, na anaamka kwenye kitanda cha wagonjwa akiwa hajui aliko, hawakuhitaji maelezo.

Watoto wanaolala sakafuni

Hapa ndipo tunapoona moyo wa riwaya hii. Kambini kuna nyumba 12, kila moja ni ya mungu mmoja, na watoto wake hulala humo. Lakini wako watoto wengi ambao baba au mama yao wa kimungu hajawatambua. Hao wote hurundikwa katika nyumba ya Hermes, mungu wa wasafiri, wakalala sakafuni, wakingoja. Wengine watatambuliwa, wengine hawatatambuliwa kamwe. Percy analala nao mpaka siku alama ya Poseidon inapoonekana juu ya kichwa chake. Anahamishiwa nyumba ya baba yake, naye anaikuta tupu: hakuna ndugu wala mtu wa kuzungumza naye.

Vijana wetu waliijadili sehemu hii kuliko sehemu zote za vita. Wapo ambao baba yao alibaki ng'ambo akingoja karatasi. Wapo ambao baba yupo nyumbani, lakini kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama inamfanya awe mgeni. Hawakusema mengi juu ya nafsi zao, nasi hatukuwalazimisha. Walisema juu ya Percy, na hiyo ndiyo faida ya hadithi: mtu anaweza kusema jambo lake kwa kinywa cha mwingine.

Riwaya inajua kwamba miungu yake ni wazazi wabaya. Percy anapomfikia Poseidon mwishoni, baada ya kuvuka nchi na kushuka kuzimu, baba anamwambia kwa huzuni kwamba anasikitika alizaliwa, kwa sababu maisha ya shujaa ni ya mateso. Huenda ni kauli ya mapenzi kwa namna yake, lakini ni kauli nzito kwa mtoto wa miaka 12. Na Luke, mwana wa Hermes, yule kijana mkubwa aliyempokea Percy na kumfundisha upanga, ndiye anayetokea kuwa msaliti. Aligeuka kwa sababu amemchoka baba asiyejali. Mwandishi hataki tumpende Luke mwishoni, lakini ametupa sababu zote za kumwelewa.

Tuliwauliza vijana: Luke alihitaji nini? Walijibu kwamba alihitaji mtu wa kumwambia wewe ni wangu. Ndipo tulipofungua Luka 15, tukasoma juu ya baba aliyemwona mwanawe akiwa bado mbali, akakimbia. Hakungoja mwana amalize kazi ya kishujaa ndipo amtambue. Tukafungua pia 1 Yohana 3, panaposema juu ya pendo alilotupa Baba hata tukaitwa wana. Vijana walikuwa wamesikia aya hizo tangu utotoni. Walipozisoma baada ya kulala sakafuni pamoja na watoto wa nyumba ya Hermes, walizisikia kwa sikio jipya. Riwaya haikuhubiri Injili, lakini iliionyesha njaa ambayo Injili inaishibisha, nayo iliionyesha kwa uaminifu.

Mwindo na baba yake

Wazazi walipoisikia hadithi hii kwa Kiswahili, nao walikuwa na la kujibu. Baba mmoja wa kutoka Kivu Kaskazini alisema kwamba hadithi ya mwana anayemfuata baba mpaka chini ya ardhi wanayo Wanyanga, na haikuanzia New York. Alikuwa anamtaja Mwindo, ambaye utendi wake ulichapishwa mwaka 1969.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, baba yake alijaribu kumwua, na hatimaye akamfungia ndani ya ngoma akamtupa mtoni. Mwindo hakufa. Alimfikia shangazi yake Iyangura, akarudi kuipiga Tubondo kwa msaada wa Nkuba, bwana wa radi, na baba alipokimbilia kuzimu alimfuata huko huko. Lakini hakumfuata ili amwue. Alimrudisha, na baba akakiri kosa lake mbele ya watu wote, na nchi ikagawanywa kati yao. Baadaye Mwindo akajivuna, akaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba. Nkuba akamchukua juu angani, akakaa mwaka mzima akirudiwa kwa baridi na jua, mpaka akashika adabu.

Tulipoziweka hadithi mbili kando kwa kando, vijana waliona wenyewe tofauti. Katika zote mbili yumo bwana wa radi, imo kuzimu, na yumo baba aliyekosa. Lakini Poseidon anasikitika tu kisha anamwaga mwanawe, na Shemwindo anasimama mbele ya ukoo na kusema nimekosa. Percy anatoka safarini akiwa shujaa. Mwindo anafundishwa kwamba hata shujaa hurudiwa. Kwa Mkristo anayejua maana ya toba, utendi wa Wanyanga umekwenda mbali zaidi katika jambo hili kuliko riwaya inayouzwa dunia nzima. Hilo tuliwaambia vijana bila kificho, na tuliona wakinyoosha mabega.

Upungufu usionyamaziwa

Tumesema mema ya kitabu hiki. Sasa tuseme kinapopungua.

Kwanza, riwaya inaeleza kwamba mlima wa miungu huhama kadiri moyo wa ustaarabu wa Magharibi unavyohama: Ugiriki, Roma, kisha mataifa ya Ulaya, na sasa Marekani, juu ya ghorofa ya 600 ya jengo la Empire State. Ni mzaha wenye akili, lakini nyuma yake kuna dai zito, kwamba mwanga wa dunia ni mmoja na umepita kwa mataifa hayo tu. Mtoto wa Kiafrika akilisoma dai hilo bila mwalimu, anaweza kudhani kwamba babu zake waliishi gizani wakingoja. Injili haikupita njia hiyo moja. Towashi wa Kushi alibatizwa katika Matendo sura ya 8, kabla Paulo hajafika Athene. Riordan mwenyewe ameandika baadaye juu ya visasili vya Misri, na tangu 2018 jina lake limo katika mpango wa kuchapisha waandishi wa mataifa mengine wanaosimulia visasili vya kwao. Tunamshukuru kwa hilo, lakini kitabu kinachogawiwa darasani mara nyingi ni hiki cha kwanza.

Pili, riwaya inacheza na hukumu ya wafu. Huko kuzimu Percy anamwona mhubiri wa televisheni aliyekusanya mamilioni kwa ajili ya yatima akayatumia kwa jumba lake, anapelekwa kwenye adhabu. Vijana walicheka, na sisi tulicheka nao, kwa kuwa watu wa namna hiyo tunawajua. Lakini Percy anapouliza inakuwaje mtu huyo kama aliamini jehanamu nyingine, anajibiwa kwamba kila mtu huona anachotaka kuona. Hapo tulisimama. Kama hukumu ni maono ya kila mtu, basi yatima wale hawana mwamuzi. Maandiko yanasema yuko mmoja anayeona kilichopo, na hilo ndilo tumaini la walioibiwa.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni mwisho wa Gabe. Sally alimvumilia mume huyo kwa sababu uvundo wake uliificha harufu ya Percy, ili majitu yasimpate. Tunakuja kujua kwamba Gabe anampiga. Mwishoni Percy anamwachia mama yake kichwa cha Medusa, na baada ya muda tunaambiwa kwamba Gabe ametoweka, na Sally ameuza sanamu ya mcheza karata kwa bei nzuri. Riwaya inataka tucheke, na wepesi huo si sawa. Mtu ameuawa, na mwandishi amemchora Gabe kuwa mchafu na mwenye kuchukiza katika kila jambo ili tusimwonee huruma wala tusiulize. Wapiga wake wengi hawanuki. Wengine huvaa suti na kukaa viti vya mbele.

Tulitegemea mjadala uwe juu ya amri ya kutoua, na ulianza hivyo. Kisha binti mmoja akauliza: "Huyo mama angekwenda kwa nani?" Tulipekua kitabu kizima tukitafuta. Hakuna jirani wala mchungaji anayebisha hodi, wala ndugu aliye hai. Sally hana mtu ila mwanawe wa miaka 12, na mtoto huyo ana kichwa cha Medusa tu.

Swali la binti huyo si la riwaya peke yake. Wanawake wangapi katika sharika zetu wameambiwa "vumilia, mama, omba tu," wakarudishwa mlango ule ule? Uvumilivu ni tunda la Roho, lakini hatukupewa ili kuwalinda wapigaji. Kama hatupendi jinsi Sally alivyojiokoa, basi tuwe watu ambao Sally angeweza kuwaendea: tuwe na chumba cha kumpokea, namba ya simu inayopokewa usiku, na wazee wa kanisa watakaomkabili mume, wasimsihi mke. Kuikemea riwaya na kuuacha mlango wetu umefungwa ni kuliona vumbi jichoni mwa mwingine.

Neno kwa wazazi

Shule nyingi humruhusu mzazi kuomba mtoto wake apewe kitabu kingine. Ni haki yenu, nasi tutamheshimu anayeitumia. Lakini mtoto aliyekatazwa kitabu bila kuelezwa atakisoma kwa siri, na akikisoma kwa siri atakijadili na nani? Afadhali mkisome, au mwombe awasimulie. Akifika mahali watoto wa kambi wanapomwaga sehemu ya chakula motoni kwa ajili ya miungu yao, msikunje uso. Mwambieni kama babu zenu walifanya tambiko, walimwomba nani, na kwa nini ninyi sasa mnaomba katika jina la Yesu. Ushuhuda huo hatausikia shuleni, wala sisi walimu hatuwezi kuutoa kwa niaba yenu.

Muulizeni pia kuhusu watoto wa nyumba ya Hermes. Kisha mwambieni kwa kinywa chenu, kwa Kiswahili, jambo ambalo Percy alivuka nchi nzima akilitafuta: wewe ni wetu, na hata kabla hatujajua jina lako ulijulikana. Msingoje apate cheti cha heshima ndipo mlitamke. Mwambieni jioni hii, begi la shule likiwa bado limelala mlangoni.